Pembetatu Mara Mbili: Kisa cha Shule za Watibeti Nchini India

Mtoto wa Kitibeti anayesoma katika shule za wakimbizi nchini India hufundishwa pembetatu mara mbili. Mara ya kwanza ni madarasa ya chini, na anaambiwa umbo hilo ni zursum: zur ni pembe, sum ni tatu. Hana cha kukariri, maana jina limejieleza lenyewe, sawasawa na pembetatu yetu. Mara ya pili ni darasa la sita. Umbo ni lilelile ila sasa linaitwa triangle, na kuanzia hapo hisabati, sayansi na maarifa ya jamii vyote ni kwa Kiingereza. Aliyetoka shule ya msingi ya serikali Tanzania akaingia Kidato cha Kwanza hahitaji kuchorewa picha.

Elimu inayofuata utamaduni wa mtoto husemwa mara nyingi kana kwamba ni habari ya ngoma, mavazi na picha ya mnyama wa kwao kwenye jalada la kitabu. Shule hizi zina ngoma na mavazi tele, na hayo hayajawahi kuwa shida. Shida imekaa kwenye tahajia, kwenye istilahi, na kwenye namna mtoto anavyovushwa kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Shule zilivyopatikana

Machi 1959 Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alikimbilia India, na Watibeti wapatao 80,000 wakamfuata. Wengi waliishia kwenye kambi za kujenga barabara milimani, watoto wakiwa kandoni mwa vifusi. Shule ya kwanza ilifunguliwa Mussoorie, mji wa milimani kaskazini mwa India, tarehe 3 Machi 1960 ikiwa na wanafunzi 50. Tarehe 17 Mei mwaka huohuo watoto 51 kutoka kambi za barabara za Jammu walipokelewa Dharamsala, wakawekwa chini ya uangalizi wa Tsering Dolma, dada yake Dalai Lama. Alipofariki mwaka 1964 kazi ilishikwa na mdogo wake, Jetsun Pema, aliyeiongoza hadi 2006. Kituo kile ndicho leo kinaitwa Tibetan Children's Village. Sambamba nacho, mwaka 1961 serikali ya waziri mkuu Nehru iliunda chombo cha kuendesha shule za Watibeti kwa fedha za India.

Fedha za India zilikuja na mtaala wa India. Kwa miaka zaidi ya ishirini Kitibeti kilikuwa kipindi kimoja katika ratiba, na kila kitu kingine kilifundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Mtoto alihitimu akisoma magazeti ya Delhi bila taabu, lakini barua ya babu yake ikimtoa jasho.

Mwaka 1985 Tibetan Children's Village iliamua kugeuza madarasa ya msingi yafundishwe kwa Kitibeti. Shule zilizo chini ya serikali ya India zilifuata katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 Utawala wa Watibeti walioko uhamishoni ukapitisha Sera ya Elimu ya Msingi, iliyokwenda mbali zaidi: elimu ya jadi iwe kiini cha mtaala, Kitibeti kiwe lugha ya kufundishia na kipandishwe hatua kwa hatua hadi madarasa ya juu, na Kiingereza kisianze kabla ya darasa la nne. Wazazi wengi waliipokea sehemu hiyo ya mwisho kwa shingo upande. Mzazi anayeuza sweta kwenye vijia vya Mumbai anajua Kiingereza kinalipa nini, na hoja yake si ya kupuuzwa hata kidogo.

Juu ya darasa la tano sera ilikutana na ukuta: mitihani ya bodi ya taifa ya India, darasa la 10 na la 12. Kitibeti kipo humo kama somo la lugha. Fizikia kwa Kitibeti haimo. Shule za juu kwa hiyo zinafundisha kwa lugha ya mtihani, na kishindo chote kinaangukia darasa la sita.

Tahajia, kikwazo cha kwanza

Alfabeti ya Kitibeti ina konsonanti 30 na alama nne za irabu. Irabu a haiandikwi, imo ndani ya konsonanti. Hadi hapo mambo ni mepesi. Herufi hufundishwa kwa safu za nne nne, ka kha ga nga, na mtoto wa miaka mitano huzimaliza baada ya miezi michache. Mlima unaanza pale herufi zinapopandana.

Chukua neno linalotamkwa drup, yaani "-metekelezwa". Huandikwa bsgrubs, silabi moja yenye alama saba: ba ya mbele, sa ya juu, ga ambayo ndiyo kiini, ra ya chini, alama ya u, ba ya mwisho, na sa ya mwisho wa pili. Matamshi ya Lhasa, mji mkuu wa Tibet, yamekwisha kuzimeza nyingi kati ya hizo, lakini maandishi hayajabadilika. Zaidi ya hayo maneno hayaachiwi nafasi. Nukta ndogo hutenganisha silabi na silabi, na msomaji mchanga hana pa kuona neno linaishia wapi.

Njia ya jadi ya kukabili hili inaitwa jorlok, kutaja herufi kwa sauti moja baada ya nyingine, matamshi yakibadilika kila herufi inapoongezwa, mpaka silabi ikamilike. Inafanya kazi vizuri sana kwa sharti moja: mtoto awe anaifahamu silabi ile kwa sikio kabla hajaitaja. Inapoharibika ni pale mwalimu anapoendesha jorlok darasa zima kwa pamoja, watoto 30 wakiimba. Ukipita katikati yao utasikia robo tu ndio wanaotaja, waliobaki wanafuata mdundo. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: silabi tano kwa siku, mtoto mmoja mmoja, na kila silabi ionekane ndani ya neno linalojulikana nyumbani. Mtoto akikwama, mwalimu afunike herufi za pembeni kwa vidole viwili, aache kiini na alama ya irabu, kisha afunue moja moja.

Mwandiko nao una la kusema. Zamani mtoto aliandika kwa kalamu ya mwanzi juu ya ubao mweusi wa mbao uliopakwa unga mweupe, mistari ikipigwa kwa uzi wenye chokaa. Herufi zilikuwa kubwa, mkono mzima ukienda. Daftari la mistari myembamba la dukani linabana zile herufi za kupandana: ya juu inagusa mstari wa juu, ya chini inakula mstari unaofuata, na mtoto anaanza kuacha zile asizozitamka. Makosa mengi yanayoitwa ya tahajia ni ya daftari. Madarasa mawili ya kwanza yapewe karatasi yenye nafasi ya sentimita mbili na nusu kati ya mistari, na nusu ya makosa hayo itapungua bila somo la ziada.

Namba: tatizo na bahati

Kumi na moja kwa Kitibeti ni chuchik, "kumi-moja". Mtoto hufika ishirini kwa siku chache. Kuanzia hapo kila kumi lina kiungo chake: 21 huunganishwa kwa tsa, 31 kwa so, 41 kwa she, 51 kwa nga, 61 kwa re, 71 kwa dön, 81 kwa gya, 91 kwa go. Viungo vinane, na mtoto asiyevishika hukwama kati ya 20 na 100 akidhaniwa hajui kuhesabu. Anajua. Apewe kamba nane za shanga, kila moja na kiungo chake kimeandikwa kwenye kipande cha kadibodi, azitumie wiki tatu.

Kwenye namba kubwa mambo yanageuka. Kitibeti kina neno moja kwa 100,000, bum, na neno moja kwa milioni kumi, chewa. Vitabu vya India navyo vinahesabu kwa lakh na crore, viwango vilevile. Sisi pia tunasema laki, tuliyoipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwa hiyo tunaelewa raha yake. Hapa mtoto wa Kitibeti ana daraja lililokwisha kujengwa, na ni ajabu jinsi vitabu vinavyolipita bila kulitaja, vikaanza upya na nukta na sifuri.

Yak hana maziwa

Mara nyingi watu wa nje wanaotaka kusaidia huanza kwa kutafsiri vitabu na kuweka picha za Tibet. Ndipo hutokea swali la hesabu: "Yak watatu wanatoa lita ngapi za maziwa?" Watoto wanacheka, na wazee wanacheka zaidi. Yak, yule ng'ombe wa manyoya marefu wa Tibet, ni dume. Jike anaitwa dri.

Lakini hata dri aliyeandikwa sawasawa hamsaidii sana mtoto wa Bylakuppe. Makazi hayo yako Karnataka, kusini, kwenye joto na mashamba ya mahindi. Mtoto hajawahi kuona dri wala theluji. Anachokijua ni trekta la ushirika, basi la kwenda Mysore, na miezi ambayo mama hayupo kwa sababu ya sweta. Tangu Oktoba hadi Januari familia nyingi huenda miji mikubwa kuuza sweta kwenye meza za barabarani, mzigo ukiwa umechukuliwa kwa mkopo kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Ludhiana. Watoto wako bweni kwa sababu hiyo hasa.

Tazama swali linaloweza kutungwa hapo. Mama amechukua sweta 240 kwa rupia 350 kila moja. Ameuza 200 kwa rupia 500, na 40 za mwisho kwa 300 msimu ulipokuwa unaisha. Meza na chakula ni rupia 6,000 kwa mwezi, miezi mitatu. Amebaki na nini? Deni ni 84,000. Mauzo ya kwanza ni 100,000, bum moja kamili, na mtoto anaisikia kwa neno lake. Jumla 112,000, toa deni, 28,000, toa 18,000 za meza na chakula, 10,000. Darasani hesabu hii huzua maswali ambayo kitabu hakikuyataka: kwa nini hakurudisha zile 40, kwa nini bei ishuke. Tsampa, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa, na shayiri yenyewe zina nafasi yake katika hadithi na historia, na zibaki huko. Hesabu ifuate maisha yaliyopo.

Maneno mapya

Kitibeti kinaunda istilahi kwa urahisi. Umeme ni lok, neno lilelile la radi inapomulika, kama lilivyo letu. Ndege ni namdru, jahazi la angani. Shida ni kwamba maneno haya yameundwa sehemu mbili zisizozungumza. Ndani ya Tibet istilahi nyingi zilitungwa kwa kufuata Kichina, na uhamishoni wengine wametunga zao. Mwalimu aliyekulia Amdo, kaskazini-mashariki mwa Tibet, na kitabu kilichochapwa Dharamsala wanaweza kuita kitu kimoja kwa majina mawili, na mtoto akaandika la tatu la kwake.

Kanuni inayofaa darasani ni fupi: shule moja, orodha moja, ukutani. Mwalimu akipenda neno jingine, aliseme lakini asiliandike ubaoni. Na orodha isiwe ndefu. Maneno 250 ya hisabati na sayansi yanatosha hadi mwisho wa darasa la tano.

Kinachomwangusha darasa la sita

Dhana iliyozoeleka ni kwamba mtoto anashindwa kwa kutojua majina: pembetatu, sehemu, uzito. Kaa na daftari la mtoto aliyepata 80 darasa la tano na 35 darasa la sita, utaona majina anayajua. Anakosea nani amempa nani.

Kwa Kitibeti mtenda hubandikwa kiambishi, -gi au ndugu zake, na mpokeaji hubandikwa -la. "Tashi-gi Dolma-la" au "Dolma-la Tashi-gi": mpangilio ukigeuka, mtoaji bado ni Tashi. Kiingereza hakina vibandiko hivyo kwenye majina; mahali pa neno katika sentensi ndipo panapobeba kazi. Mtoto aliyezoea kutafuta kiambishi anakuta majina mawili yaliyo uchi, anabahatisha. Jambo la pili: kitenzi cha Kitibeti hukaa mwisho, na neno la kuuliza husogea karibu nacho. Mtoto amejifunza kusoma hadi mwisho ndipo aone anaulizwa nini. Kwenye Kiingereza swali limekwisha kupita mwanzoni mwa sentensi. Kisha kuna vile vijineno vya "angalau", "kila mmoja", "zilizosalia", "zaidi kwa kiasi gani". Hivi havimo kwenye orodha yoyote ya istilahi, na ndivyo vinavyopindua hesabu nzima.

Daraja kwa hiyo lijengwe darasa la nne na la tano, na lijengwe kwa sentensi. Maneno manane kwa wiki, wiki 36, ni 288 kwa mwaka. Yaandikwe kwa safu tatu, Kitibeti, Kiingereza na mchoro. Katika kila manane, matatu yawe vijineno vile. Mara moja kwa wiki swali moja la hesabu liwekwe ubaoni kwa lugha zote mbili, mtoto achore mshale kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji, apigie mstari kinachoulizwa, na asikokotoe chochote. Dakika kumi na tano. Muhula wa kwanza wa darasa la sita, maswali yawe kwa Kiingereza lakini maelezo ya jibu yaruhusiwe kwa Kitibeti. Hili la mwisho hukwama kwa sababu ya walimu: katika shule nyingi wa sayansi wa madarasa ya juu ni Wahindi wasiojua Kitibeti, au ni Watibeti waliosomea ualimu kwa Kiingereza na hawajawahi kutamka sehemu za ua kwa lugha yao. Pasipo mwalimu anayeweza kusahihisha, mwalimu wa Kitibeti wa darasa la tano aingie vipindi viwili kwa wiki. Ni gharama, ila ni ndogo kuliko kurudisha watoto darasa.

Mdahalo, kifaa kilichokuwapo siku zote

Katika nyumba za watawa falsafa hufundishwa kwa mdahalo. Muulizaji anasimama, mjibu ameketi, na kila hoja hufungwa kwa kofi la viganja huku mguu wa kushoto ukikanyaga. Mjibu ana majibu machache tu: nakubali; kwa nini; sababu haijathibitika; kanuni haijumuishi. Somo la kwanza kabisa ni la rangi. "Kila kilicho rangi ni chekundu?" "Nakubali." "Basi rangi ya kombe jeupe la baharini, lile la ibada, ni nyekundu, kwa kuwa ni rangi." Mjibu amenaswa.

Sera ya 2004 ilitaka mbinu hii iingie katika masomo yote, na kwenye hisabati inakaa kama kisu na ala yake. "Kila namba inayogawanyika kwa 2 hugawanyika kwa 4?" "Nakubali." "Basi 6 hugawanyika kwa 4, kwa kuwa hugawanyika kwa 2." Mtoto hawezi kusema sababu haijathibitika, 6 inagawanyika kwa 2. Hawezi kusema kanuni haijumuishi. Ameikubali mwenyewe sasa hivi. Lazima arudi nyuma aifute. Hapo amejifunza mfano kinzani pasipo mtu kulitaja jina hilo.

Inaharibika kwa njia mbili. Wale wawili hodari husimama kila siku na wengine wanakuwa watazamaji. Au mwalimu anawapa watoto mdahalo ulioandikwa wakariri, ukawa mchezo wa kuigiza siku ya wageni. Wawekwe wawili wawili, dakika sita, wabadilishane, na dai la siku liwe jipya.

Bweni na lugha ya mbuzi-kondoo

Kwenye vijiji vya watoto, makumi ya watoto hukaa nyumba moja na mlezi wanayemwita amala, mama kwa heshima. Nyumba hii hufundisha Kitibeti kuliko kitabu, hasa zhesa, lugha ya adabu: kichwa chako ni go, cha mkubwa ni u, mkono wako lakpa, wa mkubwa chak. Mtoto asiyeijua zhesa haongei na wazee, ananyamaza, kama mtoto wa pwani asiyejua kuamkia.

Televisheni imeleta Kihindi, na mseto unaotokea una jina la kejeli, ramaluk, lugha isiyo ya mbuzi wala ya kondoo. Wapo wanaoutibu kwa faini kwa kila neno la kigeni. Waliosoma Kenya wakavishwa kidude shingoni kwa kusema lugha ya mama wanajua adhabu za namna hiyo huzaa nini, hata zikielekezwa upande wa pili. Mlezi anayerudia sentensi ya mtoto kwa Kitibeti kamili na kuendelea na mazungumzo hupata zaidi.

Uzito wa kazi hii unatokana pia na yanayotokea Tibet kwenyewe. Katika mkoa wa Qinghai, wenye Watibeti wengi, kulikuwa na mifumo miwili, mmoja wa kufundisha kwa Kitibeti na mwingine kwa Kichina. Oktoba 2010 wanafunzi wa Rebkong, mji wa mkoa huo, waliandamana kupinga mpango wa kukipanua Kichina. Tangu 2021 shule za awali za maeneo ya makabila madogo zimetakiwa kutumia Kichina. Februari 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema watoto wapatao milioni moja wa Kitibeti wako kwenye shule za bweni za serikali. China inapinga maelezo hayo na kusema bweni ni hiari.

Uhamishoni nako idadi inapungua. Sensa ya 2009 iliwahesabu Watibeti 127,935 nje ya Tibet, 94,203 wakiwa India. Baada ya 2008 wanaovuka mpaka wamekuwa wachache mno, vijana wanahamia Marekani na Ulaya, na shule zinaunganishwa. Viti vinajazwa na watoto wa jamii za Himalaya, na nao wanakuja na lahaja zao. Nane huandikwa brgyad. Mwalimu wa Dharamsala husema gye. Mtoto wa Ladakh ya magharibi husema rgyat, akasahihishwa. Wakati wa jorlok aachwe aseme hivyohivyo, na wenzake wamsikilize, kwa sababu ra na da wanazozisahau kila Jumatatu kwenye imla, yeye bado anazitamka.